Tulivyomrudishia Ami Omari Pikipiki Yake

Jamani, nimechoka kuulizwa. Kila nikipita pale kwa muuza kahawa lazima mtu anivute kanzu: "Hebu njoo, mlitoka na pikipiki mmerudi na basi, na mzee wako hatoki nje, kulikoni?" Nimejibu nusu nusu mpaka mwenyewe nimeanza kujichanganya. Huyu nimemwambia hivi, yule vile, na nyie mkikutana mnalinganisha. Basi nimekaa nikaandika mara moja. Atakaye na asome, kisha mniache, na Baba mumwache kabisa.

Malindi, kabla hatujatoka

Pikipiki ile mmeiona bandani kwetu tangu tuko wadogo, na nyote mlidhani ni yetu. Si yetu. Ni ya Ami Omari, mdogo wake Baba, aliyekuwa akikaa Mombasa, Mji wa Kale. Zamani alipopata kazi ya ubaharia alimwachia Baba amana, akamwambia, "Niwekee mpaka nirudi." Akakaa huko melini miaka. Baba naye akawa anaipanda kupeleka kanzu alizoshona kwa wateja wake, mpaka ikamwingia kuwa ni yake. Ami aliporudi kuitaka, Baba alimwambia mbele ya watu, "Hii si ulinipa?"

Ami Omari alimtazama tu, akasema, "Haya," akapanda basi akarudi Mombasa. Tokea hapo hawakusemezana. Hata mke wa Ami alipokufa, Baba hakwenda kuzika. Mimi nilijua ni haya, si chuki, lakini Baba akiona haya huwa mkali, na nani angethubutu kumwambia?

Basi mwezi uliopita mchuuzi mmoja wa samaki akatuletea habari kuwa Ami yu kitandani, madaktari wamemrudisha nyumbani, na anamuulizia kakake. Baba alikuwa kwenye cherehani. Aliondoa mguu, gurudumu likazunguka peke yake mpaka likasimama.

"Nataka radhi yake kabla hajafa," akaniambia. "Nami nitamrudishia amana yake mkononi mwake."

Nikamwambia, "Baba, basi lipo. Twende kesho, pikipiki nitaileta baadaye."

"Nimwombe radhi na mali yake bado ninayo bandani? Radhi gani hiyo? Huko ni kumdhihaki mtu kitandani."

Nikaenda bandani. Mnajua kubishana na Baba ni kujichosha.

Tatizo ni kwamba pikipiki haikuwa imetembea tangu macho ya Baba yaanze kufifia, na banda letu linaelekea bahari. Upepo wa chumvi ulikuwa umeifanyia kazi yake. Nilisafisha kabureta, nikatia plagi mpya, injini ikawaka. Lakini pale kwenye mdomo wa kutokea moshi, mahali bomba linapoungana na kichwa cha injini, chuma kilikuwa kimelika kama mkate uliogugunwa na panya. Bomba hushikwa pale na vyuma viwili vyembamba vyenye hesi, ile mikato ya kuzungushia nati, na nati zake, mafundi huviita stadi, navyo vilikuwa vimevimba kutu. Sikuvigusa. Nilimwomba Mungu tu vitufikishe.

Malindi hadi Kilifi

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Baba, kwa kuogopa kuanguka, alijifunga kwangu kiunoni kwa kikoi. Moshi ukivuja pale mdomoni, pikipiki inapiga mishindo, paa! paa! paa!, na mbuzi wote wa Gede walikimbia mbele yetu kana kwamba tumewafuata wao.

Kilifi tulikuta foleni ya kivuko imefika mbali. Watu walipomwona mzee amefungwa kikoi kwa kijana, kofia imemshuka machoni, vumbi kichwa hadi miguu, wakaanza kupiga makelele: "Mpisheni mgonjwa! Mpisheni mgonjwa!"

"Mimi si mgonjwa!" Baba akafoka.

"Masikini, homa imempanda kichwani," akasema mama mmoja muuza korosho, akamfunulia dafu akamwekea mdomoni kwa nguvu. Kadiri Baba alivyokataa ndivyo walivyozidi kumhurumia. Mwingine akamsomea na kumtemea mate. Tukapitishwa mbele ya malori yote. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mikono ikaniregea, na Baba nyuma yangu ananifinya mbavu.

Tulipokuwa juu ya maji akasema, hasira zimekwisha, "Mgonjwa yuko mbele. Wangempisha yeye."

Sikucheka tena.

Mtwapa

Kivuko cha Mtwapa huvutwa kwa mnyororo, na wale wavutaji huimba, na katika kuimba humtia kila abiria maneno. Sisi walituimba na pikipiki yetu ya kukohoa, mzee mchumba na mwanawe mposaji, wanakwenda kuoa Mombasa na bomba limetoboka. Watu wakavunjika mbavu. Hata Baba midomo ilimcheza kidogo.

Wakati wa kungoja kushuka nikaona nati moja imelegea, bomba linatikisika. Nikatoa spana nikaikaza kidogo, polepole, kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa. Nikasikia tak! Stadi imekatika, nusu imebaki mkononi mwangu na nati yake, nusu imebaki ndani ya kichwa cha injini.

"Nini hicho?" akauliza Baba.

"Stadi moja imekatika."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alikuja akainama, akaweka kidole pale palipokatika. "Hata hii inakufa mikononi mwangu," akasema. Ningependa angenitukana. Nikalifunga bomba kwa waya, tukaondoka.

Daraja la Nyali

Ile stadi ya pili ndiyo iliyobeba uzito wote, nayo haikufika mbali. Kabla ya daraja ilikatika, bomba likaning'inia, na moto ukawa unatoka moja kwa moja kwenye tundu unaniunguza muundi. Nikazima. Daraja lile linaloelea tulilivuka kwa miguu, mimi nasukuma, Baba nyuma anashika kiti, jua la Alhamisi adhuhuri juu ya vichwa vyetu. Tulisukuma hivyo hivyo mpaka Makadara.

Wasiokuwa wenyeji wa Mombasa nawaelezeni: ukiwa Makadara, Mji wa Kale ni hapo. Hujamaliza sigara mbili umefika mlangoni kwa Ami. Nikamwambia Baba tuiegeshe pikipiki kwa mtu, tunawe uso, tuingie.

"Nimletee mzoga?" akasema. "Aliniachia inakwenda. Nitampa inakwenda. Tafuta fundi."

Makadara, kwa Fundi Mbaruku

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa Mbaruku, mtu mnene, mdomo haupumziki, karakana yake ni uchochoro uliopauliwa mabati kati ya duka la mchele na mkahawa. Alichungulia lile tundu, akabetua mdomo.

"Lahaula! Mzee, pikipiki hii mlikuwa mkiivulia samaki?"

"Itachukua muda gani?" Baba akauliza.

"Nitoboe masalio ya stadi mbili kwa keekee, nikate hesi upya, nitie stadi nene zaidi. Hiyo kazi ya leo. Lakini mdomo wenyewe umelika, bomba halitakaa hata ukilifunga kwa pingu. Lazima nipanue tundu, nikereze pete ya chuma, niigandamize ndani. Na mashine ya kukerezea si yangu, ni ya rafiki yangu. Tuseme kesho, insha'Allah."

"Fanya."

Fundi akatuuliza tumefikia kwa nani. Nikamwambia kwa Ami yangu Mji wa Kale, mgonjwa. Akaweka nyundo chini. "Ala! Hapo tu? Basi nendeni zenu mkamwone. Mimi nitawaletea pikipiki mpaka mlangoni, nitaiendesha mwenyewe."

"Fundi," Baba akamwambia, "wewe tengeneza."

Jioni ile keekee ilikula stadi ya kwanza vizuri, ikatoka vipande vipande pamoja na kutu nyekundu. Ya pili ilikuwa ngumu. Keekee ilikataa kuikata, ikateleza pembeni ikaanza kula kichwa cha injini, ambacho ni laini. Fundi akaacha mara moja, akaanza kuitoa kwa tindo ndogo, kipande kwa kipande, anapuliza, anatazama, anatukana wazee wa aliyebuni pikipiki. Baba alikaa juu ya debe hapo hapo, hakusogea. Tulikula viazi vya karai na chai ya tangawizi kutoka mkahawani, tukalala kwenye mkeka ukumbini kwa fundi. Sikulala vizuri. Niliona tumelala jirani na mtu tuliyemfuata safari yote, kwa sababu ya tundu la moshi.

Ijumaa asubuhi stadi ya pili ilitoka, hesi zikakatwa. Kisha ikawa wakati wa kujiandaa kwa sala, watu wakafunga. Msikitini mzee mmoja akamtambua Baba, akamkumbatia: "Si wewe kakake Omari? Amekuulizia wewe!" Baba akamwomba asiseme kuwa yupo mjini. Haya, mwombe mtu wa Mombasa asiseme.

Alasiri Zuhura akaja. Zuhura ndiye mtoto pekee wa Ami Omari, mtu mzima sasa, yeye ndiye anayemuuguza babake. Aliingia uchochoroni na buibui lake, kabeba sinia limefunikwa kawa, ndani wali na mchuzi wa nguru. Hakutuamkia kwa ukali, na angekuwa na haki. Akaubusu mkono wa Baba.

"Masalkheri, Ami. Nimewaletea chakula. Mmekuwa mkila nini?"

Baba alikuwa hajui aweke wapi macho. "Babako hali gani?"

"Amenifanya nimkalishe kitako tangu alipopata habari. Amevaa kanzu. Anakungoja, Ami. Twende."

"Kesho asubuhi, mwanangu. Imebaki pete tu. Mashine imefungwa leo, kesho inafunguliwa."

"Baba hakuulizia pikipiki."

"Yeye hakuulizia, lakini mimi ndiye niliyeichukua," akasema Baba. "Mwambie kesho nakuja na haki yake. Nimeikalia kutosha, sitaki kuingia kwake mikono mitupu nikaanza kueleza tena."

Zuhura akamtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi nina la kusema. Nikasema, "Baba, twende basi tukamsalimie tu, turudi." Fundi naye akadakia, "Mzee, nakuapia, pete hii haitaki shahidi."

Baba akapandwa. "Nyote mnanifundisha! Mnajua nilimwambia nini mbele ya watu? Nataka asikie mlio wake kabla hajaniona mimi!"

Zuhura akasema, "Haya, Ami." Akachukua kawa lake akaenda. Ule wali niliula peke yangu. Baba hakugusa hata tonge.

Mji wa Kale

Jumamosi fundi alirudi na pete imekerezwa, inang'aa. Aliupasha moto mdomo wa kichwa cha injini, akaigongea pete ndani kwa kipande cha mbao, ikaingia ikakaa. Akaweka gasketi, akasimamisha stadi mpya, akakaza nati huku kidogo na huku kidogo. Nikapiga teke. Ikawaka mara moja. Wallahi sijapata kuisikia hivyo. Ilikuwa ikinguruma chini chini, safi, bila mshindo hata mmoja. Fundi alipiga makofi, na Baba alicheka, alicheka kwa sauti kama kijana, akamshika fundi mabega. Nayaandika haya kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nimemsikia akicheka.

Alioga, akavaa kanzu aliyoishona mwenyewe kwa siku hii. Safari hii hakutaka kikoi. Alinishika bega tu. Tukaingia Mji wa Kale polepole, vichochoro vile vinavyobana, wanawake wanajibanza milangoni kutupisha. Baba ananiambia sikioni, "Ukifika kwake usizime. Iache iungurume."

Tulipokata kona ya mwisho niliona mikeka imetandikwa nje na wanaume wamekaa. Mmoja akainuka akanyoosha kiganja kwangu, ishara ya kuzima. Nikazima. Jeneza lilikuwa limeegemezwa ukutani.

Baba hakushuka. Nilikaa naye hivyo nyuma yangu, mkono wake begani mwangu, sijui kwa muda gani. Mtu akaja akatuambia Ami Omari amefariki alfajiri, na kwamba wametuma mjumbe Makadara. Bila shaka alishika kichochoro kingine tukapishana. "Inna lillahi," nikasema. Nililia mimi kwanza, hapo hapo juu ya pikipiki, mbele ya watu nisiowajua.

Kisha aliteremka akauliza jambo moja tu: ameoshwa? Hajaoshwa. Akaomba amwoshe yeye, na ni haki yake, ni nduguye baba mmoja mama mmoja. Wakamwingiza. Mwosha maiti hasimulii aliyoyaona wala aliyoyasikia huko ndani, na waliokuwa naye wameliheshimu hilo, kwa hiyo alimwambia nini nduguye mimi sijui. Alitoka mikono imekunjamana kwa maji.

Tulizika baada ya adhuhuri. Kaburini akasimama mtu akasema, kama ilivyo desturi, kwamba mwenye dai lolote kwa marehemu ajitokeze, na kama amemkosea mtu, amsamehe. Watu wakaitikia, tumemsamehe, tumemsamehe. Nilimwona Baba midomo ikienda. Hakuna desturi ya kuuliza ya upande wa pili, nani alimkosea marehemu.

Hitima

Tulikaa matanga mpaka siku ya tatu, hitima ikasomwa. Pikipiki ilikuwa dakani, pale mbele ya mlango, muda wote huo, na watu wakipita wanaipapasa kiti. Baada ya hitima shekhe wa mtaa akatuita ndani, Baba, mimi na Zuhura. Baba akamwambia mbele ya Zuhura yote, tangu amana mpaka lile neno alilolisema. Akamaliza, "Basi pikipiki ile ni ya marehemu. Naikabidhi. Nataka itoke mikononi mwangu leo."

Shekhe akaguna. "Mzee wangu, umefanya vyema. Lakini marehemu hakuacha mke, hakuacha mtoto wa kiume. Ameacha binti mmoja, naye fungu lake ni nusu. Nusu iliyobaki inakwenda kwa ndugu yake."

"Ndugu yake nani?" Baba akauliza.

Alituangalia mmoja mmoja, na nikaona alipoelewa. Mzee wa watu alilia kwa sauti, analia na kujipiga paja, "Naileta yanirudia! Naileta yanirudia!" Shekhe mwenyewe alishindwa, akatoka nje.

Zuhura alimletea maji. Alipotulia kidogo Baba akasema nusu yake anampa yeye, asiambiwe neno. Kisha akateremka kwenye kiti akakaa chini kwenye mkeka, mbele ya mtoto aliyemzaa nduguye, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyebaki wake. Nipe radhi."

Zuhura alikaa naye chini. Hakuwa na hasira, nawahakikishieni. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala kwa wiki nyingi.

"Nilipotoka Makadara," akasema, "nilimwambia Baba maneno yako, kwamba unakuja kesho na haki yake. Akasema, 'Haki gani? Mimi namtaka yeye.' Akakataa nimlaze. Alikaa kitako mpaka usiku, kila mlango ukilia anarekebisha kofia. Mwisho akaniambia, 'Bado ana hasira na mimi, nivue kanzu.'"

Baba akafunga macho.

"Ya pikipiki, Ami, nimekusamehe. Mimi ni mrithi wake na nimekusamehe, duniani na akhera. Lakini zile siku mbili zilikuwa zake. Sina idhini nazo."

Nilitaka kumwambia, Zuhura, ongeza neno, mwone alivyo. Sikusema, kwa kuwa hakusema uongo. Baba akamshika kichwa akambusu.

"Umesema kweli, mwanangu," akamwambia. "Usiniongezee."